Kontrakta Aliyelala Juu ya Mabati Yangu

Nyumba ya mama yangu pale Kawajense ilinigharimu shilingi laki saba na elfu arobaini, magunia matano ya mpunga wa Mamba, tairi moja la baiskeli lililopasukia njiani nikileta mbao, na kodi ya chumba kimoja kwa miezi kumi na minne. Hesabu hii nimeipiga mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na hasira na mara ya pili nikiwa nimetulia, na zote mbili imetoka sawasawa. Kisichomo ndani yake ni yule mtu mwenyewe. Mpaka leo sijui nimwandike upande gani, wa matumizi au wa mapato.

Mji mzima wa Mpanda ulimwita Kontrakta. Jina lake la ubatizo nadhani alibaki nalo padri peke yake. Kwao pia sikuwahi kupajua. Wafipa walidhani ni Mfipa mwenzao, Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao walimsalimia Kisukuma naye akaitikia bila kukwama, na mama yangu, Mbende wa kuzaliwa, aliapa kwamba matamshi yake ni ya kwao kabisa. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, na daima alivaa koti la suti la kijivu lililobaki na kifungo kimoja, kaptula, na katambuga za tairi. Penseli ilikaa juu ya sikio la kulia. Sikuwahi kumwona akiandika nayo kitu kwenye karatasi. Aliandika ukutani, na akishamaliza anapiga plasta juu yake, hivyo hesabu zake zote zimezikwa ndani ya nyumba za watu.

Hakuwa na ofisi, hakuwa na leseni, wala kibao. Kama ulimtaka, uliuliza tu, "Kontrakta siku hizi yuko kwa nani?" Watu walijibu, yuko kwa mwalimu, yuko kwa yule mama wa stesheni. Nilisikia swali hilo miaka mingi na mimi mwenyewe nimeliuliza, na kwa ujanja wangu wote halikuwahi kunishtua.

Siku zile, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa nanunua mpunga Mamba na Usevya na kuuleta mjini kwa wanaosafirisha kwa treni. Biashara ilikuwa imenikubali misimu miwili mfululizo, nikaona nitengeneze nyumba aliyoacha marehemu baba. Kuta zilikuwa za tofali za tope, sakafu ya udongo, na bati la juu lilikuwa na kutu kiasi kwamba mama aliweka sufuria tano wakati wa mvua na kuzijua kila moja inakaa wapi. Nilitaka paa lote litoke, kuta ziinuliwe kozi tatu za tofali, viongezwe vyumba viwili kwa nyuma vya kupangisha, ipigwe plasta na sakafu ya saruji, kisha paa jipya.

Nikajiambia sitachagua fundi kama watu wengine, kwa kumuuliza shemeji. Nitachagua kama ninavyonunua mpunga: mkono unaingia mpaka chini ya gunia. Nikawaita watatu.

Wa kwanza alikuja na mchoro wenye gereji. Mama hana hata toroli. Wa pili alikuja saa tatu asubuhi akinuka gongo, akapima nyumba kwa hatua, akapata urefu mmoja akienda na mwingine akirudi. Wa tatu alikuwa Kontrakta. Akazunguka nyumba mara moja, akagonga kuta kwa kidole kama daktari anavyogonga kifua, akasema, "Msingi mzima. Baba yako hakuwa na haraka."

Nikamwambia ufundi ni laki mbili. Nilitegemea aseme nne, nikasirike, akasirike, aondoke, nimwite njiani, tukutane kwenye tatu. Hiyo ndiyo heshima ya biashara. Yeye akasema, "Sawa, tajiri."

Sikuamini. Nilijisikia kama mtu aliyejikaza kunyanyua gunia la mpunga akakuta limejaa pumba. Hapo ndipo ningepaswa kumshukuru na kumsindikiza barabarani. Badala yake nilienda kukagua kazi zake za nyuma, nyumba nne, nikiwa na pima maji ya kuazima. Niliiweka kwenye kuta kumi na sita, na kila mara lile povu lilitulia katikati kama mtoto aliyelala. Niligonga plasta, nikahesabu kozi, nikachungulia pembe. Wenye nyumba wote wanne wakasema maneno yaleyale, kwa sauti ileile ya kuchoka: "Kazi yake safi. Bado kidogo tu."

Mke wangu nilikuwa nimemchukua ili awe shahidi. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Baba Neema, wote wamesema bado kidogo. Umewasikia?"

"Kidogo ni kidogo," nikamwambia.

"Yule mama wa stesheni anapikia sebuleni."

"Si wanapenda wenyewe."

Nilipima kuta kumi na sita. Sikumuuliza hata mmoja kazi ilianza lini.

Kontrakta aliingia kwetu mwezi wa sita, mvua zimekwisha na ardhi imekauka vizuri. Alikuja na godoro, kuku watatu, na redio isiyo na betri. "Fundi analala kazini, tajiri," aliniambia. "Vifaa havijilindi." Nikafurahi. Nilikuwa nimepata fundi na mlinzi kwa bei ya nusu fundi. Kufika Jumatano alikuwa ameshaezua nyumba nzima. Mafundi wengine wangeanza na vile vyumba vya nyuma ili mwenye nyumba aendelee kulala ndani. Yeye alianza na paa, siku zote, kwa kila mtu. Nilipomuuliza sababu alinijibu bila kuficha hata kidogo: "Ukiiacha nyumba na paa, mwenye nyumba anakuwa na mawazo mengi."

Mama akahamia jikoni, kibanda cha nje chenye paa la nyasi, yeye na kitanda chake na sanduku lake. Tulisema wiki tatu.

Mabati yangu mapya yalikuja na treni, hamsini na mbili, nikayapanga sebuleni. Kontrakta akachukua vipande vya bati kuukuu akafunika pembe moja ya sebule, na chini yake, juu ya mabati mapya, akatandika godoro. Ndiyo ikawa nyumba yake. Kila nilipotoka safari nilipita kuhesabu mali yangu, na mara nyingi nilihesabu yeye akiwa amejilaza juu yake mchana, mikono nyuma ya kichwa. Nilihesabu kwa pembeni, kingo kwa kingo, kidole kikipita karibu na sikio lake.

"Ngapi leo?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Hamsini na mbili."

"Rudia, tajiri. Usije ukakosa usingizi."

Nilirudia. Yalikuwa hamsini na mbili.

Huo ndio uliokuwa ugumu wake: huyu bwana hakuwa mwizi. Misumari ya paa la zamani aliing'oa mmoja mmoja, akainyosha juu ya jiwe, akaniletea kwenye kopo. "Mia mbili na kumi na mbili," akasema. Nilikaa chini nikahesabu, nikapata mia mbili na kumi na mbili. Angeniibia hata msumari mmoja ningefurahi, ningepata cha kumshika nacho. Saruji iliyobaki chini ya mfuko aliikung'uta. Jioni alimwaga maji ya kuoshea koleo kwenye mchicha wa mama. Hakunywa pombe, hakuvuta, hakukopa. Jumapili alikwenda kanisani na lile koti lake, Ijumaa aliwasalimia watu wa msikitini mlangoni kwa jina mmoja mmoja, na ukimuuliza anasema, "Nimewajengea wote. Siwezi kununiana na nusu ya mji."

Tena alikuwa na kiburi cha kazi ambacho kingemfaa mtu anayelipwa vizuri. Siku moja nilikuta ukuta mzima wa chumba cha nyuma umelala chini. Nikadhani umeanguka. Kumbe ameuangusha mwenyewe, kwa sababu ulikuwa umekimbia mstari kwa unene wa kijiti cha kiberiti.

"Nani angeona?" nikamfokea.

"Wewe hapana," akasema, akaendelea kusafisha tofali.

Kwa vibarua wake wawili alikuwa mpole kupita kiasi, kwa kuku wake mkali. Chakula alikula kwa mama, na akila alisifia kitu kimoja tu, kila siku kingine: leo chumvi, kesho jinsi ugali ulivyosongwa. Mama alianza kupika kwa kumtegea, aone leo atasifia nini. Mimi ndiye niliyekuwa nanunua huo unga, na hakuna aliyenisifia.

Mwezi wa nane kuta zilifika juu. Wa tisa plasta ikaisha, na vyumba viwili vya nyuma vikasimama. Mwezi wa kumi nyumba ilikuwa imekamilika kila kitu isipokuwa paa, na hapo Kontrakta akasimama. Mbao zilikuwepo, nilizileta mwenyewe kwa baiskeli na kwa lori, mninga mtupu. Akasema mbao bado mbichi, ukizipiga msumari sasa paa litakuja kufanya mgongo wa mbuzi. Nikasubiri. Zikakauka. Akasema misumari ya bati niliyonunua ina kofia ndogo, itavuja. Nikabadilisha. Akasema kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba bati, inabidi azipange kwanza chini azitazame. Akazipanga chini. Akazitazama wiki nzima.

Kila neno alilosema lilikuwa la kweli. Nilikwenda kuuliza kwa mafundi wengine mmoja mmoja, na wote walisema mzee ana haki, mbao mbichi hujikunja, kofia ndogo huvuja. Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Ziwa Rukwa kila alasiri. Ukuta wa tofali za tope hata ukiupiga plasta ubavuni, juu uko wazi. Maji yakiingia kwa juu, kinachobaki ni plasta iliyosimama na tope limemwagika ndani yake. Nyumba ya baba yangu ilikuwa inangoja mvua moja ya maana, na mama yangu alikuwa jikoni akilala na kuni.

Nikaamua kutafuta fundi mwingine amalizie. Hapo nikakutana na jambo ambalo mimi, mtoto wa mji huu, nilikuwa nalipita kila siku bila kulipa maana.

Mafundi wa Mpanda walikuwa na sheria yao, haijaandikwa popote. Fundi akianza nyumba anafunga uzi wake kwenye misumari ya pembe, ule uzi wa kunyoshea kuta. Uzi ukiwa umefungwa, nyumba ni yake. Hakuna fundi mwingine atakayegusa hata tofali moja mpaka mwenye uzi aufungue kwa mkono wake. Na uzi wa Kontrakta ulikuwa bado umefungwa pale juu, pembe kwa pembe, ingawa hapakuwa tena na ukuta wa kunyosha.

Nilimleta yule wa gereji. Akafika mlangoni, akanyanyua macho, akavua kofia. "Kaka, uzi wa mzee huo."

"Uzi wa shilingi hamsini huo."

"Mimi nina watoto, na nataka kuendelea kufanya kazi mji huu. Mwambie mzee aufungue, nakuja kesho."

Nilimwambia mzee. Akanitazama kwa huruma. "Nitaufungua nikimaliza, tajiri. Kazi haijaisha, nitaufungua vipi?"

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake kwenye kiti cha kamba, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Amekuibia?"

"Hapana."

"Amekutukana? Au familia?"

"Hapana. Anamwita mke wangu dada."

"Analewa?"

"Halewi."

"Sasa shtaka ni nini?"

"Hamalizi."

Mwenyekiti akashusha pumzi. "Njoo huku," akasema, akanipeleka uani, akanionyesha choo kizuri cha tofali, plasta laini kama kikombe, hakina mlango. Mlangoni liligongewa gunia. "Mwaka wa tatu huu," akasema. "Nyie mna bahati, nyie ni paa tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mdogo. Fedha yangu ilikuwa ndani ya zile kuta, siwezi kuitoa. Mabati yangu yalikuwa chini ya godoro la mtu. Kumfukuza siwezi, maana akiondoka na uzi umefungwa hakuna atakayeingia. Kumpiga siwezi, hajanikosea. Nilikuwa natembea mjini nikiona paa za watu tu, hata za mabanda ya kuku, nikizionea wivu.

Ndipo nikafanya upumbavu wangu. Siku moja ya soko, Kontrakta akiwa ametoka, nilipanda ukutani nikaukata ule uzi kwa kisu, nikaukunja vizuri, nikampelekea fundi mmoja wa upande wa pili wa mji asiyenijua sana. "Mzee kaachia," nikamwambia. "Uzi huu hapa."

Akaupokea, akazitazama ncha zake, akanirudishia kwa vidole viwili kama mtu anayerudisha panya. "Huu umekatwa," akasema. "Sisi hatukati. Tunafungua fundo, tunakunja kwenye kijiti."

Kabla jua halijazama mafundi wote wa Mpanda walikuwa wanajua kuna mtu Kawajense amekata uzi wa mwenzao. Kuanzia hapo hata kuniuzia mchanga walisitasita. Mwanzoni nilikuwa nimefungiwa na fundi mmoja, sasa nikawa nimefungiwa na wote. Nilipofika kwa mama Kontrakta alikuwa amepanda juu, anafunga uzi mpya. Hakunifokea. Alisema tu, "Tajiri, ungeniomba."

"Nimekuomba mara ngapi?"

"Umeniomba nimalize. Uzi hujaniomba."

Bado sijui kama ile ilikuwa dharau au alikuwa anajaribu kunisaidia.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, ya dakika kumi tu. Nilikimbia kutoka stesheni na maturubai yangu ya kufunikia mpunga, manne. Nyumba inahitaji saba. Nilimkuta Kontrakta juu ya ukuta wa mashariki, amevua koti la suti amelitandaza juu ya tofali, na blanketi lake amelitandaza pembeni yake, na yeye mwenyewe amejilaza kifudifudi pale palipobaki, kama mtu anayefunika mtoto. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni. Pembe moja ilishaanza kumomonyoka. Tulifunika, tukafunga kamba, tukashuka tumelowa wote.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akitutazama. Hakuniangalia mimi.

"Fundi," akamwita. "Hiyo nyumba unaipenda?"

"Naipenda, mama. Nimeijenga."

"Mbona huiezeki?"

Akaanza kutaja habari za kenchi. Mama akamkatisha kwa mkono.

"Ukimaliza hapa unakwenda kulala wapi?"

"Kazini, mama."

"Kazi gani?"

"Itakayopatikana. Kuna mtu Mamba aliongea."

"Na isipopatikana?"

Kontrakta akatoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Mama, mimi sijawahi kumaliza moja kabla haijapatikana nyingine."

Nilikuwa nimesimama pale na kamba mkononi. Niliyapitisha kichwani yale maneno kama ninavyopitisha hesabu, mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu. Miaka yote mtu huyu hakuwa na mahali. Godoro lake lilikuwa linahama kutoka sebule isiyo na mlango kwenda chumba kisicho na dari. Kila kidogo kilichobaki katika nyumba za watu kilikuwa ndicho chumba chake. Nilimkagua kuta kumi na sita, na hili lilikuwa wazi mbele yangu, limetandikwa godoro.

"Kile chumba cha nyuma, cha mkono wa kulia," mama akasema, "ni chako. Tia mlango, tia kufuli, ufunguo ukae nao wewe. Hata ukimaliza leo."

"Mama," nikaingilia, "kile chumba ni cha kupangisha."

"Nimeshampangisha. Kodi yake ni paa."

Kontrakta akachukua nyundo. Alipanda juu kabla hata koti halijakauka. Siku nane. Nilisikia nyundo kutoka alfajiri, akiimba nyimbo za kanisani kwa lugha tatu, akiwafokea vibarua kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kenchi zilipanda, papi za kugongelea bati zikapigwa, bati la hamsini na mbili likafika mahali pake, hakuna hata kipande kilichobaki. Siku ya nane alipanda ngazi polepole, akafungua fundo la uzi kwa kucha, pembe moja baada ya nyingine, akaukunja kwenye kijiti. Mvua yenyewe, ile kubwa, ilikuja siku mbili baadaye. Mama alilala ndani ya nyumba. Aliziweka sufuria zake tano mahali pake pa zamani kwa mazoea, na asubuhi zote zilikuwa kavu.

Ingekuwa mimi ni mtu wa kuridhika, habari ingeishia hapo. Kontrakta alikaa kile chumba miezi kumi na minne. Alifanya kazi mjini mchana, jioni anarudi, anafungua kufuli lake kwa madaha kama mkurugenzi. Alimtengenezea mama rafu, jiko la saruji, benchi. Kwa watu wengine niliambiwa alianza kwenda kasi zaidi, ingawa kumaliza kabisa bado ilimshinda. Mazoea ni mazoea. Nami kila nilipopita pale nilikuwa naona kile chumba na kichwani kodi yake inajiandika yenyewe: mwezi wa tano, mwezi wa sita, mwezi wa kumi. Chumba jirani kilikuwa kinaniingizia hela. Hiki kilikuwa kinaniingizia mtu anayesifia chumvi.

Siku moja nikamkuta amekaa kwenye benchi lake, nikasema kama mzaha, "Mzee, kuna mwalimu anatafuta chumba. Anatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo."

"Anataka kuhamia lini?"

"Hata kesho yuko tayari."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kubishana naye. Nilikuwa tayari hata kushindwa. Akasema, "Sawa, tajiri."

Kesho yake, kabla ya saa sita, chumba kilikuwa kimefagiwa, kufuli liko mlangoni na ufunguo wake anao mama. Kuku alimwachia. Mama hakunigombeza. Mchana nilipokuja kula aliniwekea ugali peke yake, na nilipouliza mboga akasema niifuate kwa mpangaji. Aliendelea hivyo siku tisa. Mwalimu alikaa miezi minne, akahamishwa, akadai arudishiwe ya miwili, nikamrudishia.

Kontrakta sikumwona tena karibu miaka miwili. Watu walisema yuko Mpimbwe, upande wa Usevya, kwa nani hawajui.

Nilimkuta Usevya, msimu wa kununua, nikitafuta mtu wa kunikodishia mkokoteni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya kuta mpya zilizofika usawa wa madirisha, koti halina tena hata kile kifungo kimoja. Nilisimama mbele yake akanitazama kwa muda, nikajua hanioni vizuri. Nikamsalimia. Sauti akaijua mara moja, akacheka, akauliza habari za mama kabla ya zangu.

Aliniambia macho yamekwisha. Lile povu la pima maji halioni tena, na fundi asiyeona povu anajenga kwa bahati. Mfugaji mmoja Msukuma, ambaye Kontrakta alimjengea nyumba, alimwona hana pa kwenda akamkatia kiwanja hiki. Chake, kwa barua ya kijiji. Akaitoa mfukoni, imekunjwa ndani ya nailoni, akataka niisome kwa sauti. Nikasoma. Akaniambia nisome tena.

"Hongera, mzee," nikasema. "Na hizi kuta ni zako?"

"Zangu. Nilitafuta fundi wa hapahapa, ana mke, ana watoto, ana nyumba yake nzuri. Nikamlipa nusu. Alikuja siku kumi na moja. Sasa anasema ana kazi Mamba, mara ana shamba, mara anaumwa mgongo." Akapapasa ukuta kwa kiganja mpaka akafika kwenye pembe, akauminya kidogo, akatoa tope kavu kwenye vidole. "Tofali za tope hizi. Na wewe unaona huko juu kunavyokuja kuwa."

Niliona. Mawingu yalikuwa yameshika upande wote wa mbugani. Niliuliza ningemsaidiaje, na nilikuwa nimeshatia mkono mfukoni, nafikiri nilitaka akubali hela ili niondoke. Akautikisia kichwa ule mkono wangu, hakuuona vizuri lakini alijua uko wapi.

"Hela ninayo ya kumalizia," akasema. "Tajiri, mimi nimejenga nyumba zaidi ya arobaini katika mkoa huu. Iliyomalizika ni ile moja ya kwenu. Nimekaa hapa tangu asubuhi naiwaza. Siku zile nane sikujijua, mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Wewe ndiye uliyekuwa mwenye kazi, na wewe ni mtu wa akili, unahesabu kila kitu. Sasa nishauri. Ulinifanya nini mpaka nikamaliza?"